Chupa kuukuu za kahawa, na lebo tunayoikosa mpakani

Mfanyabiashara wa kahawa wa Arua atakutajia bei ya kiboko ya asubuhi hiyo kabla hamjamaliza kusalimiana. Akishaitaja ya kiboko, yaani kahawa kavu yenye maganda yake, atakutajia na ya kase, ile iliyokwisha kukobolewa. Lakini mwonyeshe chupa nyeusi ya pombe tamu ya kahawa kwenye rafu ya hoteli, umuulize kahawa iliyomo ililimwa wapi na nani aliipika. Hapo mazungumzo huishia. Chupa hiyo imevuka bahari, na kahawa iliyomo si ya Paidha, si ya Mahagi, wala si ya Yei.

Nasema tunapoteza. Hatupotezi kwa kukosa kahawa, wala kwa kutojua kupika pombe kali. Vyote viwili tunavyo, na hicho cha pili tunacho kuliko tunavyopenda kukiri mbele ya wageni. Tunachokosa ni kitu kidogo cha karatasi, na nilikiona vizuri zaidi siku nilipoonja chupa za zamani.

Kwanza tuelewane kuhusu kinywaji chenyewe. Wenye maduka makubwa hukiita likeri. Ni pombe kali, mara nyingi ya miwa, iliyolowekwa kahawa iliyokaangwa na kusagwa, ikachujwa, kisha ikatiwa sukari nyingi na pengine vanila. Inayojulikana zaidi duniani ni Kahlúa, iliyoanza kutengenezwa Veracruz, Meksiko, mwaka 1936. Tia Maria ilitokea Jamaika katika miaka ya 1940 na kujipatia jina kwa kahawa ya milima ya kisiwa hicho. Tangu 2009 iko mikononi mwa kampuni ya Italia, ILLVA Saronno. Karibu na sisi ipo Kenya Gold ya Nairobi, kazi ya KWAL, kampuni iliyoanza mwaka 1969 ikiwa ya serikali ya Kenya.

Huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaozisaka chupa za vinywaji hivi za miaka ya 1950, 1960 na 1970, zilizosahaulika kwenye makabati ya wazee. Huzifungua, huonja, hulinganisha na za leo, na hulipa fedha nzuri kwa ajili hiyo. Mtu wa mpakani akisikia hivyo atacheka, kwa sababu kwetu pombe iliyobaki mpaka kesho ni pombe iliyokosa wateja. Mimi pia nilidhani ni mchezo wa wenye nafasi, mpaka nilipokutana na mzee mmoja hapa Arua mwenye chupa tatu za aina hiyo.

Mzee huyu amestaafu baada ya miaka mingi ya kupeleka bidhaa Ariwara na Yei. Hakuzikusanya kwa mapenzi. Alilipwa kwazo. Anasema zamani mtu aliyeishiwa shilingi, dola na zaire alilipa kwa alichokuwa nacho mkononi, na pombe ya dukani ilikuwa fedha safi. Moja aliipata kwa mfanyabiashara aliyetoka Khartoum. Mnamo Septemba 1983 Rais Nimeiri alitangaza sharia na shehena za pombe zikamwagwa ndani ya Nile mbele ya umma. Waliokuwa na akiba, anasema mzee, waliikimbiza kusini. Chupa imevuka mipaka mingi kuliko baadhi ya wanasiasa wetu wanaoimba umoja wa Jumuiya.

Tulikuwa wanne mezani: mwenyeji wetu, mama mmoja anayenunua kiboko Paidha, kijana anayepeleka mizigo Kaya kupitia Oraba, na mimi. Hatukuanza kwa kufungua. Mzee alizisimamisha chupa akatuonyesha kimo cha kinywaji. Iliyohifadhiwa vizuri hujaa mpaka karibu na shingo. Kimo kikishuka chini ya mabega ya chupa, hewa imeingia na kilevi kimetoroka. Akaziinamisha polepole mbele ya dirisha. Ile ya Kahlúa ilikuwa na mashapo meusi chini, na sukari ilikuwa imegandisha kifuniko hata kikahitaji kitambaa cha maji ya moto kabla hakijalegea.

Hapa pana jambo ambalo muuzaji anapaswa kulijua, kwa sababu kuna watu wanaouza uzee. Pombe haizeeki ndani ya chupa kama inavyozeeka ndani ya pipa. Pipa la mti hupitisha hewa na huachia ladha yake. Kioo hakiachii kitu. Kinachotokea ndani ya kioo ni upungufu wa polepole. Harufu nyepesi za kahawa, zile zinazokukaribisha asubuhi, huondoka kwanza. Zile nzito hubaki. Kilevi na sukari ndivyo vinavyozuia kisioze. Kwa hiyo zile zenye maziwa au krimu ndani yake hazifai kuwekwa kabisa. Zikipita miaka miwili hivi usizinunue hata ukipewa kwa bei ya kutupa, na ukizikuta zimepangwa juani sokoni, pita.

Tulianza na Tia Maria. Mama wa Paidha aliinusa kwa muda mrefu, kama anavyonusa gunia analolishuku, akasema kahawa yake imelala lakini haijafa. Ilikuwa nyepesi mdomoni, si tamu kama nilivyotarajia, na nyuma yake kulikuwa na vanila na kitu kama tumbaku kavu. Kahlúa ilikuwa nzito, sukari guru iliyoungua, zabibu kavu, na uchungu mwishoni uliokaa ulimini tukiwa tumeshakula vipande vya mhogo. Kenya Gold ndiyo ilikuwa na umri mdogo kuliko zote, na kwa hiyo ndiyo ilikuwa na kahawa nyingi iliyo hai. Ule uchachu unaoijulisha kahawa ya Kenya kwa wanunuzi bado ulikuwapo kwa mbali. Mama aliipa nafasi ya kwanza. Mzee alikataa, akasema Kahlúa. Kijana hakujali ladha. Alikuwa anasoma lebo.

Alichokisoma ndicho kilichonifanya niandike. Tia Maria ya zamani ilitamka asilimia 31.5 ya kilevi. Inayouzwa leo hutamka 20. Kahlúa ya zamani ilikuwa 26.5, za leo ni 20, na nyingine 16. Kijana akauliza swali la mtu wa biashara: kwa hiyo wamepunguza kilevi na bei hawakushusha? Ndivyo. Katika nchi nyingi ushuru wa pombe hupimwa kwa wingi wa kilevi, kwa hiyo kukipunguza ni kupunguza kodi, na walaji wa siku hizi nao wanataka kinywaji chepesi. Hakuna aliyedanganywa, kwa sababu asilimia imeandikwa kwenye chupa ya zamani na kwenye chupa mpya pia.

Tazama ilivyo ajabu. Kampuni zimeuzwa na kununuliwa, serikali zimeanguka, zaire imekuwa karatasi ya kufungia karanga, na sisi wanne tulio mbali na Jamaika tuliweza kujua ndani ya chupa mna nini, kiasi gani, nani alikitengeneza na wapi. Ladha ilikuwa imepungua. Lebo haikupungua hata herufi moja. Wasakaji wa chupa kuukuu hununua kahawa iliyofifia, ni kweli, lakini wanathubutu kuitia mdomoni kwa sababu wanaamini maandishi.

Watu wa rika la mwenyeji wetu hawawezi kuzungumzia kahawa na pombe bila kutaja ndege. Katika utawala wa Idi Amin kahawa ya Uganda ilipakiwa Entebbe ikapelekwa uwanja wa Stansted, Uingereza, na ndege zikarudi na wiski na anasa nyingine kwa ajili ya maofisa wa jeshi. Waingereza wenyewe waliziita safari za wiski. Mwezi Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili na bei ya kahawa ikapaa duniani kote, lakini mkulima wa Uganda, aliyetakiwa kuuza kwa bodi ya serikali, hakuuona utajiri huo. Aliyeweza alivusha magunia yake usiku, na neno magendo likawa neno la kila siku. Wanajeshi wengi wa wakati ule walikuwa vijana wa huku. Wiski waliinywa maofisa wachache. Gharama yake ililipwa na West Nile nzima baada ya 1979, vijiji vilipochomwa na watu wakakimbilia Zaire na Sudan.

Siandiki haya kufukua makaburi. Naandika kwa sababu njia ya mzigo haijabadilika. Kahawa inatoka ikiwa punje, pombe inarudi ikiwa chupa. Ndege zile hazipo, badala yake kuna lori linalokwenda Mombasa na kontena linalorudi, na barabara ya lami ya kilomita 92 kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, ambayo imerahisisha kuleta chupa kutoka nje kuliko ilivyorahisisha kupeleka ya kwetu.

Ya kwetu ipo. Koboko nafahamu mama anayeloweka kahawa ndani ya arege. Hununua kahawa ya Zombo kwa kilo, huikaanga kwenye sufuria mpaka ianze kutoa mafuta, huitwanga kwenye kinu bila kuifanya unga kabisa, kisha huiacha siku tatu ndani ya mtungi wa kioo wenye arege aliyoipika mwenyewe. Ya kwanza kutoka kwenye mrija, ile inayotoka kabla chungu hakijatulia, huimwaga. Alifundishwa hivyo na mama yake. Akishachuja kwa kitambaa hutia sukari iliyoyeyushwa kwa maji ya moto. Niliionja nikiwa bado na kumbukumbu ya chupa tatu za Arua. Ina moto kupita kiasi na haijatulia, lakini harufu ya kahawa inakufikia kabla ya glasi. Kwa harufu peke yake imezishinda zote tatu, na si ajabu: kahawa yake ilikaangwa wiki ile ile.

Anaiuza katika chupa za soda zilizotumika. Wateja wake ni wa Koboko, na wachache huvuka kutoka Kaya na Ariwara. Hawezi kuuza zaidi ya hapo, kwa sababu anayeinunua anainunua kwa kumjua yeye. Uso wake ndio lebo yake, na uso hauvuki mpaka ndani ya katoni.

Na hata wanaomjua wameanza kusita. Agosti 2022 watu kadhaa walikufa katika Jiji la Arua na Madi-Okollo baada ya kunywa jini iliyotiwa ladha ya matunda. Ile haikuwa pombe ya kienyeji iliyopikwa nyuma ya nyumba. Ilikuwa chupa ya dukani, yenye rangi nzuri na maandishi. Baada ya mazishi yale, chupa yenye lebo na chupa isiyo na lebo zikaonekana sawa machoni pa mnywaji, na kwangu hiyo ndiyo hasara kubwa tuliyobaki nayo baada ya ile ya roho za watu. Sumu kubwa katika pombe mara nyingi haitokani na mpishi wa kijijini. Hutokana na spiriti ya viwandani iliyochanganywa na mtu mwenye haraka ya faida. Lakini sheria ikija kwa hasira huanza na chungu cha mama, kwa sababu ndicho kinachoonekana.

Historia yetu ya kutunga sheria za pombe ndivyo ilivyo. Mwaka 1965 Uganda ilipitisha Sheria ya Enguli, iliyotaka mpishi wa pombe kali awe na leseni. Fikra ilikuwa kukusanya pombe ghafi ya wapishi wadogo na kuisafisha kiwandani, na kutoka hapo ikazaliwa Uganda Waragi. Fikra hiyo haikuwa mbaya. Ilichokosa ni nafasi ya mpishi mdogo kuwa na jina lake kwenye chupa. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, Juni 2019, pombe za vifuko zikapigwa marufuku na chupa ndogo kabisa ikawa mililita 200. Tanzania ilikuwa imeviondoa viroba vyake tangu Machi 2017. Naunga mkono marufuku zote mbili, kwa kuwa mtoto wa shule alikuwa akinunua kifuko kwa fedha ya maandazi. Ila marufuku ya kifuko inahusu ukubwa wa chombo. Haisemi kilichomo ni nini.

Mwisho wa mwaka huo huo wa 2019 zilikuja stempu za kodi za kidijitali. Mnywaji mwenye simu anaweza kuikagua stempu kwa programu iitwayo Kakasa. Hii ni hatua kweli, na ningependa kuiona ikitumiwa Arua Main Market kama inavyotumiwa kwenye vikao vya Kampala. Lakini ukivuka Vurra kuingia Aru, au Oraba kuingia Kaya, stempu ile inakuwa pambo. Kenya ina yake, Tanzania ina yake. Sudan Kusini iliingia Jumuiya mwaka 2016, Kongo mwaka 2022, na sheria ya Jumuiya ya viwango ya mwaka 2006 inataka alama ya ubora iliyotolewa na nchi moja mwanachama itambuliwe na nyingine. Iko kwenye vitabu. Atakayeiamini ni yule ambaye hajasimamishwa kizuizini akiwa na katoni mbili.

Ninachotaka kifanyike si kikubwa. Kuwe na leseni ndogo ya kikundi, siyo ya kiwanda, inayowaruhusu wapishi kumi au ishirini wa Koboko kupika mahali pamoja panapokaguliwa, kila pishi lipimwe kilevi na sumu, na chupa ibebe jina la kikundi, la mji, na asilimia. Kipimo hicho kisihitaji kusafirishwa zaidi ya kilomita 500 hadi Kampala kila mara. Maabara ndogo Arua ingehudumia Nebbi, Zombo, Yumbe na hata upande wa pili wa mpaka kwa malipo. Shirika la Viwango, UNBS, na mamlaka ya mapato, URA, wakikaa meza moja na halmashauri za mpakani, hili linawezekana bila kusubiri kikao cha Arusha.

Nitaulizwa, na nimeshaulizwa, kama pombe haijawaharibu vijana wa West Nile vya kutosha. Imewaharibu. Sitabishana na mchungaji wala na shehe katika hilo. Lakini pombe tamu ya kahawa si kinywaji cha kunywa chupa nzima saa mbili asubuhi. Ni cha kijiko juu ya barafu, ni cha mgeni wa hoteli na mfanyakazi wa shirika, na bei yake yenyewe ni mlango uliofungwa. Vijana wanaoharibika leo wanaharibika kwa kitu kisichojulikana kimetengenezwa na nini. Napendelea kupigana na pombe ninayoijua asilimia yake.

Wasomaji wetu wengi wa Koboko, Aringa na mitaa ya Wanubi hawaigusi pombe kabisa, na hoja hii ni yao pia. Badala ya arege weka maji na sukari, upate sharubati nzito ya kahawa yenye tangawizi kama ile kahawa ya nyumbani kwao. Kahawa ni ile ile, chupa ni ile ile, na lebo inahitajika vile vile. Tena hiyo haina ushuru wa pombe kali. Ningekuwa na mtaji ningeanza na hiyo.

Kuhusu kahawa ipi itumike, wanunuzi wa nje hupenda arabika na huidharau robusta. Kwa kikombe cheusi wana haki ya kuchagua. Kwa kinywaji chenye sukari nyingi mambo yanageuka. Robusta ni mti wa asili wa misitu yetu, kutoka Kongo mpaka Uganda, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na uchungu wake hausalimu amri mbele ya sukari. Arabika ya milima ya Okoro itatoa harufu, robusta ya mabondeni itatoa mwili. Mama wa Paidha aliniambia angechanganya moja kwa mbili. Hakusema ipi ni ipi, na nadhani alifanya makusudi.

Hatuhitaji kuota kwamba jina la huku linaweza kufika mbali, limeshafika. Mwaka 2015 Nespresso ilianza kuuza Ufaransa kahawa ya robusta kutoka Yei, iliyokusanywa na vyama vya wakulima, ikiwa na jina Suluja ti South Sudan. Suluja ni neno la Kikakwa, lugha inayozungumzwa Koboko, na maana yake ni mwanzo. Mtu wa Paris alikuwa akitamka Kikakwa kila asubuhi bila kujua. Vita vilivyofika Yei mwaka 2016 vilikata biashara ile, na wakulima wengi wa eneo hilo wakavuka kuja Uganda. Kambi ya Bidi Bidi ilifunguliwa Yumbe Agosti mwaka huo huo. Maana yake ni kwamba wapo kati yetu watu waliowahi kulima, kuosha na kukausha kahawa kwa kiwango kilichokubaliwa na mnunuzi mgumu kuliko wote, na sasa wanauza mkaa kando ya barabara. Kikundi cha Koboko kikianza kikawaacha nje kitakuwa kimejinyima wenyewe.

Wakati hayo yakisubiriwa, anayebeba chupa mpakani leo na azingatie machache. Kinywaji kisicho na jina la mtengenezaji, mahali, asilimia ya kilevi na stempu, kiache hata kama mteja wa ng'ambo anakisubiri kwa dola. Chupa kuukuu ukiletewa, angalia kimo, angalia kifuniko kama kimewahi kufunguliwa, inamishe uone mashapo. Na usiikubali kwa sababu tu ina vumbi, maana vumbi linapakwa.

Na ukibeba bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya yenye thamani isiyozidi dola 2,000, omba cheti rahisi cha asili ya bidhaa hapo hapo forodhani, baada ya kuhakikisha iko kwenye orodha iliyokubaliwa. Hakihitaji wakala. Kinakuondolea ushuru wa forodha peke yake. Ushuru wa pombe na kodi ya ongezeko la thamani hubaki vilevile. Anayekuambia kwamba cheti kinafuta vyote, au kwamba bila yeye hakipatikani, mwombe akuonyeshe pameandikwa wapi, na uchukue jina lake.